Kuonja na Kupika Chai Nyumbani: Kuanzia Mkandaa hadi Chai ya Zambarau

Maswali ni yale yale kila wiki. Jirani yangu wa chini kanunua chai ya kijani, kaichemsha kama anavyochemsha chai ya kila siku, kapiga funda moja na kunigongea mlango: "Hii ni chai au ni mwarobaini?" Binamu yangu wa Likoni maziwa yake hukatika kila akitia tangawizi. Kijana mmoja wa Majengo kaletewa zawadi ya chai nyeupe kutoka bara, na hajui atie kijiko kimoja au vitano. Basi nimekaa kitako niandike yote pamoja, ili atakayeuliza tena nimpe hii.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ghala la chai Shimanzi, hapa Mombasa, na huko ndiko nilikojifunza kuonja. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za jirani huuzwa kupitia mji huu. Waonjaji wa mnada hupita vikombe mamia kwa siku. Linaniuma jambo moja: sisi wenyeji wengi hatujawahi kuionja chai yenyewe. Tunaonja sukari, iliki na maziwa. Na si kwamba naisema vibaya chai ya viungo. Nimekuzwa kwayo, na mahamri bila hiyo hayashuki. Ninachokuomba ni uionje tupu kwanza, ujue unachokitia viungo.

Vitu vya kuandaa

- Vikombe sita vinavyolingana, vyeupe kwa ndani: vitatu vya kuivishia na vitatu vya kuchujia. Bilauri ni nzuri ya kunywea, lakini rangi ya chai husomeka vizuri kwenye weupe.
- Visahani vitatu vya kufunikia.
- Chujio la waya lenye matundu madogo. Lile la plastiki lililokwisha kushika rangi na harufu, liache kwa kazi nyingine.
- Mizani ndogo ya jikoni ukiwa nayo. Ukiwa huna, kijiko cha chai kitatosha.
- Kijiko cha supu cha kuonjea, na kikombe kikubwa cha kutemea.
- Birika au sufuria ya kuchemshia maji, isiyopikiwa mchuzi. Narudia: isiyopikiwa mchuzi.
- Simu ya kuhesabia dakika.
- Chai tatu nyeusi tofauti. Nunua pakiti ndogo ndogo, usijaze kabati.

Na maji. Hapa tukae kidogo, maana kwetu Mombasa nusu ya chai mbaya huanzia kwenye maji. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Ukiyachemsha, birika linashika ganda jeupe ndani, na chai inaota utando juu kama mafuta yaliyomwagika, rangi inafifia, na ladha inakuwa butu. Maji ya mfereji yanayotoka Mzima au Baricho ni afadhali sana, yakiwepo. Mfereji ukikauka ukanunua maji ya mtungi kwa muuza mkokoteni, yaonje kwanza yenyewe yakiwa baridi. Ukihisi chumvi kwenye ulimi, fulia nguo. Kwa zoezi la kuonja, chupa moja ya maji ya kunywa ya dukani si hasara.

Majani kwa ufupi

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na ya zambarau zote ni za mmea wa aina moja, na tofauti kubwa huletwa na namna majani yanavyoshughulikiwa kiwandani, ila ya zambarau ina namna yake ya mmea ndani ya aina hiyo. Chai nyeusi ya kawaida ya Kenya husagwa, ikakatwa na kuviringishwa mpaka ikawa punje. Ndiyo maana hutoa rangi haraka, na ndiyo maana hukasirika haraka ukiisahau jikoni. Zile herufi unazoziona kwenye magunia na baadhi ya pakiti husema ukubwa wa punje: BP1 ni kubwa, PF1 ni ndogo kuliko hiyo na ndiyo inayotoka kwa wingi, PD inafuata, na D1 ni karibu vumbi. Punje ikiwa ndogo, chai inaiva upesi na kuwa nzito. Herufi hizo hazisemi kama chai ni tamu au mbovu. Hilo utaliamua kwa ulimi wako.

Zoezi la kwanza: kuonja chai tatu nyeusi pamoja

Asubuhi ni wakati mzuri, baada ya kusukutua kinywa, kabla hujala chochote chenye pilipili. Usipake mafuta mazuri wala usifukize udi siku hiyo mpaka umalize. Pua ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa.

1. Mimina kijiko kimoja cha kila chai kwenye karatasi nyeupe. Itazame. Punje nzuri ni nyeusi, zinalingana, hazina vijiti vyekundu vyekundu wala nyuzi. Zinuse ukiwa umezikusanya kwenye kiganja na kuzipulizia pumzi ya moto kidogo, harufu huamka.

2. Pima gramu 2 za kila chai na utie katika kikombe chake. Bila mizani, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kitakufikisha karibu na hapo. Kosa la wengi ni kuchota kwa kilima, mara kikubwa, mara kidogo, halafu wanasema chai ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Umelinganisha vijiko, hukulinganisha chai.

3. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, na umimine mililita 150 kwenye kila kikombe, mfululizo bila kusitasita. Waonjaji wa kazi hufanya kali zaidi: kipimo cha kimataifa cha ISO 3103 ni gramu 2 kwa mililita 100, dakika 6. Wao wanatafuta kasoro, wewe unatafuta ladha, kwa hiyo tulegeze kidogo.

4. Funika kwa visahani. Hesabu dakika 5 kwa saa, si kwa kukisia. Usikoroge.

5. Chuja kila kikombe kwenye kingine safi, na majani yaliyobaki yaweke kwenye kisahani chake, mbele ya kikombe chake. Yatazame yangali na moshi. Majani ya chai njema yana rangi ya shaba inayong'aa, kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Yakiwa meusi tii au ya kijanikijani, kuna kitu hakikwenda sawa kiwandani au dukani.

6. Ngoja mpaka chai iwe ya vuguvugu. Ulimi ulioungua hauonji kitu siku nzima.

7. Chota nusu kijiko cha supu na uifyonze kwa nguvu, kwa sauti, ili ipulizike kinywani kote pamoja na hewa. Nyumbani kwetu watoto hukatazwa kunywa hivyo mbele za watu, na mara ya kwanza utaona haya. Fyonza tu. Sauti ile ndiyo inayopeleka harufu puani kwa ndani. Izungushe kinywani sekunde mbili tatu, kisha iteme.

8. Jiulize mambo manne. Uchungu: upo nyuma ya ulimi? Ukakasi: kinywa kinajikunja kama umeng'ata bibo la korosho? Uzito: iko kama maji au inajaza kinywa? Na baada ya kutema, kinabaki nini, na kwa muda gani? Ukakasi wa kiasi si kasoro. Ndio unaoifanya chai iwe changamfu. Uchungu unaobaki dakika nzima ndio mbaya.

9. Andika neno moja au mawili kwa kila kikombe, kwa Kiswahili chako mwenyewe. Mimi daftari langu lina maneno kama "nyasi zilizokatwa", "ukoko wa mkate", "ngozi ya komamanga", "moshi", "gunia". Hayo yatakufaa kuliko maneno ya kwenye pakiti.

10. Mwisho, tia kijiko kimoja cha maziwa kwenye kila kikombe. Chai yenye nguvu hugeuka rangi ya dhahabu iliyoiva. Iliyochoka hugeuka kijivu. Hapo utajua ipi ya kunywa tupu na ipi ya maziwa.

Rudia zoezi hili siku nyingine ukiwa umemwambia mtu wa nyumbani apange vikombe bila wewe kujua kipi ni kipi. Mara yangu ya kwanza, chai niliyokuwa nikiisifu kwa miaka ilishika nafasi ya mwisho.

Joto la maji, na kwa nini Mombasa si Nairobi

Tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yakitokota yamefika nyuzi 100 kamili. Nairobi, iliyo kwenye nyanda za juu, maji hutokota karibu nyuzi 94. Ndugu wa bara akikwambia "chai ya kijani mimi huimiminia maji ya moto na haina neno", usishangae yako ikiwa chungu. Maji yake yameanza yakiwa yamepoa.

Huhitaji kipimajoto. Changanya maji yanayotokota na maji ya kunywa yaliyokaa mezani, ambayo kwetu huwa na nyuzi kama 28 hivi. Vikombe vinne vya moto kwa kimoja cha mezani hukupa karibu nyuzi 85. Vitatu kwa kimoja, karibu 80. Viwili kwa kimoja, katikati ya 70 na 80. Yachanganye kwenye buli kabla hujatia majani. Ukimwagia majani maji yanayotokota halafu ukapooza, umeshachelewa.

Mkandaa

Chai ya rangi, mkandaa, strungi, iite upendavyo. Mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gome lake hutoa rangi nyekundu ya hudhurungi, na kikombe chako kiwe hivyo hivyo: chekundu na unachoweza kuona chini yake.

1. Pasha buli kwa maji ya moto, kisha yamwage.
2. Tia kijiko kimoja cha punje kwa kila kikombe cha mililita 200.
3. Mimina maji yanayotokota, funika, dakika 3.
4. Chuja chai yote itoke kwenye majani. Ukiyaacha yakae humo, kikombe cha pili kitakuwa lami.

Punje hutoa kila kitu mara moja, usijaribu kuzirudia. Ukipenda ndimu, tia mwisho. Rangi itapauka, ni kawaida.

Ya kijani

Gramu 2 kwa kikombe, maji ya vitatu kwa kimoja, dakika 2. Onja. Ikiwa nyepesi, ongeza majani kidogo. Ikiwa chungu, shuka kwenye viwili kwa kimoja, usikimbilie asali. Na tafadhali, isitiwe maziwa. Shangazi yangu wa Kibokoni alikuwa ameiacha kabisa, akisema ni ya wagonjwa. Nilimtengenezea hivi, mbele yake, akanyamaza, akakinywa chote, kisha akaniuliza maji nimeyachanganya vipi.

Nyeupe

Hii ni machipukizi yenyewe, yana manyoya ya fedha, mepesi kama pamba. Hapa kijiko hudanganya: gramu 3 huweza kujaza vijiko viwili vikubwa. Tumia vinne kwa kimoja, dakika 5, na kama una bilauri pana itumie hii mara moja. Utaona machipukizi yakielea yamelala, kisha moja baada ya jingine yanasimama wima, yananyonya maji na kushuka polepole mpaka chini. Rangi itakuwa ya manjano hafifu, nawe utadhani haijaiva. Imeiva. Nusa kabla ya kunywa. Harufu ndiyo mali yake. Majani yasitupwe, yatakupa kikombe cha pili na cha tatu, kila mara ukiongeza dakika mbili.

Ya zambarau

Hii ni fahari ya Kenya. Aina yake ya mmea, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai ya Kenya, na majani yake shambani huwa ya zambarau. Ipike kama ya kijani, vitatu kwa kimoja, dakika 3 hadi 4. Wengi hulalamika wameuziwa uongo kwa sababu kikombe si cha zambarau, kina rangi iliyopauka tu. Kamulia matone machache ya ndimu, utazame rangi ikigeuka ya waridi mbele ya macho yako. Watoto wangu hunililia niifanye kila Jumapili. Ladha yake ina ukakasi kidogo wa tunda la mzambarau.

Chai ya maziwa ya viungo

Sasa turudi nyumbani. Kwa vikombe vinne:

1. Ponda kwenye kinu iliki 5 pamoja na maganda, karafuu 2, punje 4 za pilipili manga, na kipande cha tangawizi mbichi cha urefu wa kidole gumba. Kijiti cha mdalasini kivunje kwa mkono. Usizisage zikawa unga. Chai itakuwa na mchanga.

2. Tia viungo kwenye vikombe 2 vya maji baridi, injika, ukichemka punguza moto, dakika 6 hadi 7. Tangawizi ichemke ndani ya maji kabla ya maziwa kuingia. Tangawizi mbichi ina kitu kinachokata maziwa, na moto wa kutokota hukiua. Hapa ndipo binamu yangu alipokuwa akikosea: alitia tangawizi pamoja na maziwa baridi, akapasha polepole.

3. Tia vijiko 3 vya punje. Ichemke dakika 2, si zaidi. Zile chai zinazokaa jikoni tangu alfajiri zinanukia vizuri kwa mbali na kuparuza koo kwa karibu.

4. Mimina vikombe 2 vya maziwa. Acha ipande mpaka ukingoni, shusha moto, ipande tena. Mara mbili zinatosha. Usiondoke. Ukienda kuangalia nani kapiga hodi, jiko lote utalisugua.

5. Chuja. Sukari kila mtu atie mwenyewe kikombeni. Najua nyumba nyingi huitia sufuriani. Jaribu hivi wiki moja, utashangaa vijiko vingapi vilikuwa mazoea tu.

Viungo vinunue soko la Marikiti vikiwa vizima, kidogo kidogo. Iliki iwe ya kijani na ukiifungua mbegu ziwe nyeusi na zinanata. Masala ya unga iliyokaa kabatini tangu Ramadhani iliyopita haina kitu isipokuwa rangi.

Mchaichai si chai kwa mmea, lakini kwa uwani ndiyo ya karibu kuliko zote: majani mawili marefu, yafunge fundo, yachemke dakika 5. Hauna ukakasi, kwa hiyo huwezi kuuharibu.

Kuhifadhi

Hewa yetu ina unyevu, na chai hunywa unyevu na harufu kama kitambaa. Iweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko, mbali na kabati la viungo. Niliwahi kununua robo kilo ya majani ya kupima kwenye duka moja, gunia lake lilikuwa wazi pembeni ya katoni za sabuni. Nyumbani ilinukia nguo zilizofuliwa, na hata iliki kumi hazikuifunika. Ukinunua ya kupima, inama uinuse kwanza. Muuzaji mwenye chai nzuri hatakukataza.

Ikienda mrama

*Chungu.* Maji ya moto mno au dakika nyingi mno. Badilisha kimoja kwanza, si vyote, ujue mkosaji ni yupi.

*Nyepesi, haina mwili.* Ongeza majani, usiongeze muda. Muda huongeza uchungu.

*Utando unaong'aa juu.* Chokaa ya maji. Tone la ndimu huuondoa kwenye chai ya rangi. Kwa ya maziwa, badilisha maji. Ganda la birika lichemshe na maji ya ndimu au siki, kisha suuza mara mbili.

*Maziwa yamekatika ingawa tangawizi ilichemka.* Maziwa yalikwisha kuanza kuchacha. Siku za joto, yachemshe yenyewe pembeni kwanza. Yakikatika humo, umeokoa chai.

*Chai zote tatu zina ladha moja.* Umekunywa zikiwa za moto, au una mafua, au umekula. Au kweli zinafanana, na hapo nunua ya bei nafuu.

*Ni kaskazi, joto, hakuna anayetaka kitu cha moto.* Tia gramu 10 za chai ya kijani au nyeupe kwenye lita moja ya maji baridi ya kunywa, funika, weka kwenye friji usiku kucha, kwa muda wa saa 6 hadi 8, kisha chuja. Moto haukuigusa, kwa hiyo uchungu wake ni mdogo sana. Inyweni siku hiyo hiyo.